Maji Yaliyolala

Kompyuta ya ofisi ilifika wiki ile ile niliyokabidhi funguo za maabara. Iliwekwa juu ya meza yangu, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na mpaka naaga hakuna aliyethubutu kuiwasha. Mhandisi wetu kijana aliniambia kwamba umeme ukitulia, mashine hiyo itaonyesha maji ya mji mzima yanavyotembea ndani ya mabomba na dawa inavyopungua njiani, bila mtu kutoka kivulini. Nilimjibu kwamba kazi hiyo nimeifanya miaka yote kwa penseli na rula ya kukokotolea, na jua la Shinyanga nimelipata bure. Akacheka, kisha akaniomba niwaandikie ninyi mnaobaki. Vyeo sitavitaja, na mshahara ulikuwa mshahara. Nitaandika zaidi juu ya mwisho wa bomba moja, kwa sababu ndipo nilipojifunza kazi, na ndipo nilipoacha kitu ambacho sijakipata tena.

Nilianza Shinyanga mjini, miaka michache baada ya uhuru. Baba yangu alikuwa fundi cherehani mwenye asili ya Tabora, na alitaka nikae naye barazani nikishona suruali. Mimi nikaenda kuchimba mitaro. Siku ya kwanza Mzee Lubinza, fundi bomba aliyetuzidi wote kwa umri na kwa ukimya, alinipa fimbo ya chuma, akaniambia niweke ncha moja juu ya bomba na nyingine sikioni.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mzee."

"Vizuri. Ungesema unasikia, ningekurudisha kwa baba yako. Bomba hilo halina maji tangu jana."

Ndivyo alivyofundisha. Kwanza alitaka kujua kama mtu anaweza kusema ukweli wa kipimo hata pale anapoona mkubwa wake anangoja jibu jingine. Baadaye ndipo alipokufundisha kuzibua, kuunga na kusikiliza. Yeye ndiye wa kwanza kuniambia kwamba maji huzeeka. "Yakitoka tangini ni kijana, ana meno," alisema. "Yakizungukazunguka na kulala njiani, yanafika kibogoyo."

Meno aliyokuwa akiyasema ni klorini, ule unga tunaoutia tangini, ambao wananchi huuita dawa. Huua vijidudu, lakini nao huisha kadiri unavyofanya kazi, na ndani ya bomba la chuma lenye kutu huisha upesi zaidi. Kwa hiyo swali la kazi yetu yote ni fupi: maji yanapofika kwa mtu wa mwisho, yana umri gani? Nilipopelekwa masomoni Dar es Salaam nilifundishwa kulijibu kwa hesabu. Unachora mabomba yote, urefu na upana wake. Unabahatisha maji yanapita wapi na kiasi gani, unaona hesabu haikubali, unasahihisha, unarudia, mpaka kila njia panda maji yanayoingia yawe sawa na yanayotoka. Kisha unauliza: bomba hili linabeba kiasi gani, na watu wa mbele wanateka kiasi gani kwa siku? Ukigawanya, unapata umri wa maji, na umri ukikupa meno yaliyobaki, umemaliza. Hiyo ndiyo modeli, neno ambalo mhandisi wetu hulitamka kama mtu anayeingia msikitini. Nilirudi na rula yangu na kisanduku cha mbao chenye vioo vya rangi. Unatia maji kwenye kichupa, unadondosha dawa ya kupimia, na yakiwa na klorini yanageuka njano. Njano iliyokolea ndiyo furaha ya mpimaji, na furaha nyingine kazini zilikuwa chache.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa kwenye makazi ya mgodi mmoja katika ukanda wa Geita. Jina lake siliandiki, kwani waliobaki pale hawakukosa lolote. Mgodi ulikuwa umefungwa. Mabomba yalikuwa yamelazwa kwa ajili ya umati wa wafanyakazi na mitambo ya kusaga mawe, mapana kiasi cha paka kupita, na sasa waliotumia maji walikuwa familia za kuhesabika. Hapo nadhani wasomaji wangu mmeshaona tatizo. Watu wachache wakinywa kutoka kwenye bomba pana, maji hayatembei. Yanalala.

Nami nililala pale, kama maji yale. Upweke niliouona makazini pale sijauona tena, hata sasa ninapoishi peke yangu. Nilipewa nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa ya msimamizi fulani, nami nilikuwa na kitanda kimoja na sufuria mbili. Mchumba wangu wa Tabora alikuwa ameshasema hawezi kuolewa na mabomba. Mwendesha pampu alikuwa jirani yangu wa karibu, na maneno yake yote yalikuwa mawili: "Dizeli imekwisha." Kota nyingi zilikuwa tupu, milango imeng'olewa, na upepo ukipita ulitoa sauti ndani ya vyumba mfululizo mpaka mwisho wa safu. Nilianza kujisemesha. Nikipika nasema, "Chumvi imezidi," kisha najijibu, "Hapana, iko sawa."

Siku yangu ya kupima ilikuwa Jumatano. Nilipanda baiskeli kutoka tangini, nikashuka bomba kwa bomba mpaka kota za chini, ambako njia iliishia. Mwisho kabisa palikuwa na uwanja uliofagiwa, bomba moja lililotumiwa na majirani wachache, na nyumba ya Mama Kulwa. Mumewe alikuwa mchimbaji. Mgodi ulipofungwa aliondoka kwenda kutafuta dhahabu kwenye machimbo madogo upande wa Shinyanga, akamwachia watoto pacha, Kulwa na Doto, na neno moja: asihame nyumba ile, maana akirudi hapo ndipo atakapomtafuta.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Dawa. Mwangaluka."

"Mwangaluka, mama. Mhola?" nilimwitikia kwa salamu yao ya Kisukuma.

"Mhola duhu. Kaa kwanza, chupa zako hazina haraka."

Pacha walikuja kuniamkia, "Shikamoo," wote kwa sauti moja, kisha wakagombea kushika kisanduku. Kiti kilikuwa tayari uani, na kando yake glasi ya maji baridi na kibakuli cha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyopikwa na karanga. Nilipima. Njano ilikuwa imekolea kila mara. Nilikaa kuliko kazi ilivyotaka, tukazungumza mvua, mihogo, na fununu za waliokwenda machimboni. Nikirudi kwangu nilikuwa na maneno ya kunitosha mpaka Jumatano nyingine. Kuna majirani waliokuwa wakifua nguo siku hiyo, kamba zote zimejaa, nikadhani ni desturi yao tu.

Shida ilikuwa mezani. Hesabu zangu zilisema maji ya kota za chini ni mazee, kibogoyo, hayawezi kuwa na dawa. Kichupa kilisema ni mabichi. Nilirudia hesabu. Nikapima upya urefu wa mabomba kwa kamba, nikauliza kila nyumba wanateka debe ngapi. Jibu likawa lile lile. Mtu mwingine angeitupa karatasi, kwani macho hayadanganyi. Lakini tabibu wa zahanati, Bwana Paulo, hakuniacha nipumzike.

"Doto wa Mama Kulwa amelazwa tena," aliniambia. "Tumbo. Na wote wanaoniletea matumbo wanatoka kota za chini. Maji yako ni mazima kweli?"

"Mazima. Nimeyapima mwenyewe."

"Basi hao watoto hawajaambiwa."

Nilikwenda kumwona Doto. Alikuwa mwembamba kuliko pacha wake, mtu asingejua walizaliwa siku moja. Mama Kulwa alikaa kando ya kitanda, akamsogeza Kulwa upande ili nipate pa kukaa. Aliniuliza kama mtoto wa pili wa pacha huwa dhaifu kwa asili, maana wazee wa kwao walimwambia hivyo. Nilisema sijui. Nilijua tu kwamba karatasi yangu na kichupa changu haviwezi vyote kusema kweli, na kwamba mtoto huyu ndiye anayelipa.

Nikaamua kuyafuata maji yenyewe. Njia ya kazi hiyo ni chumvi. Unaimimina tangini, kisha unangoja mwisho wa bomba uone itafika lini. Kulikuwa na kipimo cha umeme cha kuitambua, ila betri zake zilikuwa zimekufa kabla yangu, na dukani palipatikana chumvi tu. Ijumaa baada ya swala nilimwaga gunia zima tangini, mwendesha pampu akinitazama. Siku hiyo alivunja rekodi yake. Aliniuliza kama nimeamua kuwapikia watu humo humo. Mama Kulwa nilimpa kazi ya kipimo: kila akiteka, aonje kwanza, na siku atakayokuta chumvi aikumbuke.

Jumatano nilipofika alikuwa ameshaniwekea kiti.

"Chumvi imefika, Bwana Dawa."

"Lini?"

"Leo."

"Jana haikuwepo?"

"Jana hata kidogo. Imefika leo, nilipokufungulia."

"Nilikuwa sijafika, mama. Ulinifungulia mlango gani?"

Akacheka, akanionyesha bomba. "Maji. Jumatano nakufungulia tangu alfajiri. Yanamwagika, majirani wanafua, mimi namwagilia mchicha, mpaka yaje yale ya baridi. Mgeni hapewi maji yaliyolala."

Nilibaki na glasi mkononi. Wengi wenu mmelelewa hivyo hivyo: maji ya jana humwagwa, mtungi huoshwa, mgeni hutekewa mapya. Nyumbani kwetu mama asingethubutu kumpa mtu maji yaliyolala. Huyu naye alikuwa ameliona bomba kama mtungi mrefu, akaliosha kila wiki kwa heshima yangu. Aliyatoa maji yote mazee yaliyokuwa kwenye tawi lile, akayavuta mabichi kutoka juu, nami nikayapima hayo, nikanywa hayo, nikaandika kwamba kota za chini ni salama. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mgeni alikuja kila Jumatano na mwenyeji hakupona.

Nilimwomba asinifungulie tena, nami nikaja siku ambayo hakunitegemea. Hapakuwa na kiti uani. Niliteka, nikadondosha dawa, nikakitikisa kichupa. Maji yakabaki meupe. Mama Kulwa alisimama karibu akitazama.

"Mbona hayageuki?"

"Hayana dawa, mama. Imeisha njiani."

"Haya ndiyo tunayokunywa."

"Ndiyo."

Akasema taratibu, "Kumbe wewe nakupa mazima, wanangu nawapa yaliyolala." Nilimwambia hakukosea, kwamba alifanya ambavyo mama yangu angefanya, kwamba bomba ndilo lililokuwa pana mno. Alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayepewa pole msibani.

Sasa ilibidi kulitafutia dawa jambo lenyewe. Kufungua bomba kila siku kulihitaji dizeli, na tayari mnajua jirani yangu alikuwa na habari gani kuhusu dizeli. Kuchemsha kulihitaji kuni, na vichaka vya karibu vilikuwa vimekwishapita jikoni. Kuongeza unga tangini kungewafanya watu wa juu watapike ili wa chini wapate ladha. Niliirudia modeli kwa kila njia niliyoijua, na kila mara ilinipeleka penye jibu moja: lifungwe tawi la chini, watu wapandishwe kwenye kota tupu za juu, maji yazunguke sehemu fupi, yafike yangali kijana. Nililipeleka ofisini, likakubaliwa upesi kuliko kitu chochote nilichowahi kupeleka. Nililikagua tena nikitamani kosa. Halikuwa na kosa.

Majirani walihama wakifurahi, kwani nyumba za juu zilikuwa na sakafu nzuri na zahanati ilikuwa karibu. Lakini nyumba hizo ziligawiwa kwa wenye mtu kazini, awe mlinzi, awe mfagizi. Mwenye kazi wa Mama Kulwa hakujulikana alipo. Niliandika kumwombea, nikajibiwa kwamba taratibu ni taratibu. Kaka yake aliyekuwa akilima tumbaku Ushetu akatuma neno kwamba aende na watoto.

"Nikienda," aliniambia, "baba yao atakuta mlango mtupu kama ile mingine."

"Nitamwambia mimi ulipo."

"Na wewe ukihamishwa?"

Nyumba yangu ilikuwa na vyumba viwili vitupu. Nilikuwa nimeviwaza kila Jumatano niliporudi na baiskeli, vile pacha wangevijaza kelele, vile mtu angeniambia chumvi imezidi na kweli awe mtu mwingine. Nilimpenda yule mama. Mpaka leo sijamwambia mtu, na ninyi wa kwanza kujua mnajua kwa maandishi. Lakini alikuwa mke wa mtu aliyekuwa akingojwa, na neno la kumkaribisha mwanamke anayemngoja mumewe sikulijua kwa Kiswahili wala kwa Kisukuma.

"Doto hawezi kungoja hapa," ndicho nilichosema.

"Najua," akajibu. "Nisingejua ningekugombeza."

Lori la kwenda Kahama lilipokuja, aliomba jambo moja. Nilikuwa na kopo la rangi nyekundu ya kuandikia namba za valvu. Aliniambia niandike mlangoni, naye akasimama nyuma akinisomesha: "Baba Kulwa, tuko Ushetu kwa mjomba wa watoto. Tu wazima." Hilo la mwisho alilifikiria kidogo kabla ya kulisema. Kisha akafungua bomba, akayangoja maji mpaka yakawa baridi, akawaogesha pacha, akanijazia glasi. Nilikunywa nikiwa nimesimama, kwani kiti kilikuwa kimeshapakiwa.

"Wabeja, Bwana Dawa," alinishukuru. "Sasa funga."

Nilichukua ufunguo mrefu, nikaizungusha valvu mpaka ikagoma. Lori lilikuwa bado linaonekana.

Modeli ilitimia. Wiki chache baadaye kichupa kilikuwa cha njano kila mahali na siku yoyote, na Bwana Paulo alilalamika kwamba nimemharibia kazi. Ninyi vijana mkitaka kujua hesabu nzuri inavyofanana, ilifanana hivyo. Jumatano niliendelea kushuka mpaka kota za chini ingawa hapakuwa na cha kupima. Kila baada ya masika niliyaandika upya maneno ya mlangoni, kwani mvua ilikuwa ikianza kuyala kutoka chini. Mtu hakuja kuyasoma. Nilipohamishwa kurudi Shinyanga nilimwachia mwendesha pampu lile kopo, akalipokea, akaahidi, na sijui kama aliahidi kweli au alitaka tu kopo. Miaka ilipita. Siku moja kule Isaka, nikipakua mabomba ya mradi mwingine, dereva wa magari ya tumbaku aliniletea salamu alizoambiwa ampe yeyote wa kazi za maji, bila kujua kwamba mwenyewe ni mimi: Mama Kulwa anamsalimu Bwana Dawa wa mgodini, pacha wanasoma, na Doto amempita mwenzake kwa kimo. Kuhusu Baba Kulwa hakusema, nami sikuuliza.

Kazi nyingine zilifuata, na nyingi zilikuwa nzuri. Mzee Lubinza alikufa akiwa anatudai sote subira. Dawa ya kupimia ikabadilika, siku hizi maji mazima yanakuwa ya pinki, rangi ambayo sijaizoea. Lakini niseme jambo moja kwa wote watakaokaa mbele ya ile kompyuta: mtaiingizia kila bomba na kila tangi, nayo itakujibuni vizuri, ila haitajua nani aliwafungulia maji kabla hamjafika.

Jumatano iliyopita Neema wa maabara alikuja kwangu. Nyumba yangu iko mwisho wa tawi, na ratiba ya kupima niliipanga mimi mwenyewe kabla ya kustaafu, kwa hiyo nilijua atakuja. Aliniamkia, akakaa kwenye kiti, akanywa maji. Alipima bombani, kichupa kikawa cha pinki nzuri.

"Mzee, maji yako yanashinda ya katikati ya mji," alisema, akitoa kalamu.

Nilitazama uani. Ndoo zote zilikuwa zimejaa, mpapai umelowa mpaka shina, na nguo zangu za wiki nzima zilikuwa kambani. Bomba nilikuwa nimelifungua tangu alfajiri.

"Usiandike hicho, mwanangu," nikamwambia. "Hakifai. Njoo siku nyingine, usiniarifu."

"Siku gani, mzee?"

"Yoyote," nikasema. "Nipo."